Malaria ya ubongo: Vifuko vya damuni vipelekavyo habari mbaya kichwani

KILA Januari, mabasi yanayotoka Busia, Siaya na Homa Bay huwarejesha Nairobi jamaa waliokwenda mashambani kwa Krismasi. Baadhi yao hushukia katika stendi ya Machakos, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Shauri Moyo, wakiwa na magunia ya mahindi, kuku waliofungwa miguu na watoto waliochoka kwa safari. Miongoni mwa watoto hao wamo waliobeba mzigo mwingine usioonekana kwa macho. Kati ya siku 7 na 14 baada ya kuumwa na mbu, homa huanza.

Mtoto wa miaka minane aliyezaliwa na kulelewa Shauri Moyo yumo hatarini zaidi kuliko binamu yake wa umri huo huo anayeishi kijijini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huchelewesha ukuaji wa kimelea cha malaria ndani ya mbu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asilimia 6 ya watoto waliopimwa kote nchini walikuwa na vimelea hivyo, ilhali katika kaunti zinazolizunguka Ziwa Viktoria kiwango kilikuwa asilimia 19. Aliyekulia ziwani akanusurika katika miaka yake ya mwanzo hujijengea kinga ya kiasi fulani. Mwenzake wa Nairobi hana.

Mara nyingi homa hiyo hutulizwa kwa dawa za siku tatu, mtoto akarudi shuleni. Lakini kwa wachache mambo hugeuka kwa saa chache tu. Mwili hutetemeka wote, macho yakapinduka, meno yakafumbana, kisha mtoto akazama katika usingizi ambao mamake hawezi kumzindua. Hiyo ndiyo malaria ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba malaria iliua watu 597,000 mwaka 2023, wengi mno wakiwa watoto wa Afrika ambao hawajatimiza miaka mitano, na kupoteza fahamu ni mojawapo ya dalili zinazotangulia vifo hivyo.

Waswahili huita mtukutiko huo degedege. Katika sehemu za pwani wapo wanaoulaumu nyuni, pepo mwenye umbo la ndege anayesemekana kupita juu ya mtoto na kumdhuru. Madaktari wa Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) na shirika la Wellcome Trust la Uingereza zilianzisha kituo cha utafiti mwaka 1989, wanaifahamu vyema imani hiyo, kwa kuwa imewafanya wazazi wengi kumtafuta mganga kwanza na hospitali baadaye. Saa zinazopotea njiani huwa ghali. Hata hivyo, swali wanalojiuliza wazazi hao ni swali la haki, tena limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne moja: ni kitu gani hasa kinachokifikia kichwa cha mtoto?

Jibu la kwanza ambalo msomaji angelitoa ni kwamba kimelea chenyewe ndicho kinachoingia ubongoni. Sivyo. Kimelea cha plasmodiamu falsiparamu, ambacho ndicho kinachosababisha malaria ya ubongo kwa kiasi kikubwa zaidi, huishi ndani ya chembe nyekundu za damu na hakitoki nje ya mishipa ya damu kuingia katika nyama ya ubongo. Mtoto huweza kupoteza fahamu, akapooza upande mmoja au hata akafa, bila kimelea hata kimoja kuvuka kuingia katika seli za ubongo wake. Adui yuko barabarani, hajaingia nyumbani, lakini nyumba inaungua.

Mwishoni mwa karne ya 19, madaktari wawili wa Italia, Ettore Marchiafava na Amico Bignami, waliichunguza bongo za watu waliokufa kwa malaria wakaona mishipa midogo kabisa ya damu imesheheni chembe zenye vimelea. Baadaye ilibainika kwamba kimelea, kinapokua, huigeuza sura ya chembe kilimokaa: huiotesha vinundu vinavyonata kwenye ukuta wa mshipa. Kwa njia hiyo chembe hiyo haipelekwi kwenye bandama, kiungo ambacho kazi yake mojawapo ni kuziondoa chembe zilizoharibika. Kunata huko huziba njia ya damu, na kwa miaka mingi kuziba ndiko kulikochukuliwa kuwa maelezo yote.

Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Mtu mzima aliyezibika mshipa wa ubongo, kama inavyotokea katika kiharusi, mara nyingi hubaki na ulemavu wa kudumu. Mtoto mwenye malaria ya ubongo anaweza kulala siku mbili bila fahamu, kisha akaamka, akaomba uji na kutembea. Kama mishipa ingekuwa imezibika tu, mageuzi ya haraka kiasi hicho yangekuwa magumu kuelezeka. Wataalamu wakaanza kushuku kwamba, mbali na kuziba, damu hupeleka ubongoni ujumbe fulani unaouvuruga.

Katika lugha yetu moyo ndio hutoa shauri, na jina la mtaa wa Shauri Moyo, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani, limeyakutanisha maneno hayo mawili. Elimu ya tiba imeukabidhi ubongo kazi ya kuamua, ila haikusema kwamba ubongo hukata shauri peke yake. Mishipa ya fahamu huupelekea habari kwa kasi kubwa. Homoni husafiri polepole ndani ya damu. Kwa muda mrefu njia hizo mbili, pamoja na kemikali zinazotolewa na askari wa kinga, ndizo zilizofundishwa vyuoni. Njia nyingine imekuja kutambuliwa hivi karibuni, nayo ni ya vifuko.

Karibu kila seli ya mwili hutoa vifuko vidogo sana na kuviachia nje. Vingine huchipuka kutoka kwenye utando wa seli, kama povu la sabuni linavyojitenga na kidole. Vingine hutengenezwa ndani kwa ndani, vikakusanywa pamoja, kisha vikamwagwa nje. Hivi vya pili huitwa eksosomu na vingi vina upana wa kati ya nanomita 30 na 150. Chembe nyekundu moja ya damu ina upana wa nanomita zipatazo 7,500, kwa hiyo eksosomu zaidi ya 50 zingeweza kupangwa mstari mmoja kutoka ukingo wake mmoja hadi wa pili. Hadubini ya kawaida iliyoko katika zahanati, ile inayotumiwa kutafuta vimelea katika tone la damu, haiwezi kuvionyesha.

Ndani ya kifuko mna protini, mafuta na vipande vya RNA, yaani nakala za maagizo ambazo seli huzitumia kutengeneza vitu vyake. Juu ya utando wake mna alama zinazofanana na anwani. Seli inayokipokea hukimeza au hujiunganisha nacho, na yaliyomo huanza kufanya kazi humo kana kwamba ni ya mwenyeji. Homoni ni sawa na mbiu ya mgambo inayosikika kijiji kizima. Kifuko ni kifurushi kilichofungwa, chenye vitu vingi kwa pamoja, ambacho vimeng'enya vya damu haviwezi kukirarua njiani kwa urahisi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1967 mtafiti Peter Wolf alipoviona vifuko vilivyotoka kwenye chembe zinazogandisha damu, aliviita vumbi. Katika miaka ya 1980 Rose Johnstone wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, alipokuwa akichunguza jinsi chembe changa za damu ya kondoo zinavyokomaa, aliona kuwa zilikuwa zikijiondolea protini zisizohitajika kwa kuzifunga ndani ya vifuko. Ikadhaniwa basi kwamba hizo ni taka. Fikira hiyo ilibadilika sana mwaka 2007, wakati watafiti wa Gothenburg, Sweden, walipoonyesha kwamba vifuko hivyo vina RNA na kwamba RNA hiyo, ikishaingia katika seli nyingine, huweza kusomwa na kutekelezwa. Ni nadra jambo lililotupwa jaani kwa miaka 20 kuokotwa likiwa barua.

Tangu hapo vifuko vimeonekana kila mahali: katika mate, mkojo, maziwa ya mama, na katika damu ya mtu anayefanya mazoezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na kikundi cha Australia uligundua kwamba mtu akiendesha baiskeli kwa nguvu, zaidi ya aina 300 za protini huongezeka katika vifuko vya damu yake. Lakini faida za mazoezi si mada yetu ya leo.

Kati ya damu na ubongo kuna ukuta. Seli zinazotandika upande wa ndani wa mishipa ya ubongo zimeshonana barabara kuliko zile za viungo vingine, ili sumu na viini vya maradhi visipenye. Ukuta huo ndio unaokizuia kimelea cha malaria, na ndio huo huo unaozizuia dawa nyingi. Vifuko huuathiri kwa namna mbili. Vingine hupenya, ama kwa kumezwa upande mmoja na kutemwa upande wa pili. Vingine havina haja ya kupenya, kwa sababu vikiufikia ukuta na kuulegeza, vitu vingine vya damuni vitapata mwanya.

Ushahidi wa kwanza mzito kuhusu jambo hili katika malaria ulitoka Malawi. Mwaka 2004 watafiti walioongozwa na Valéry Combes na Georges Grau walichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu ya watoto wa Malawi. Walihesabu vifuko vilivyomeguka kutoka kwenye seli za ukuta wa mishipa. Watoto waliokuwa na malaria kali na kupoteza fahamu walikuwa navyo kwa wingi mno. Waliokuwa na malaria nyepesi, au malaria kali ya upungufu wa damu bila kupoteza fahamu, hawakuwa na ongezeko la namna hiyo. Na wale waliozimia kisha wakapona, vifuko vyao vilipungua. Hesabu ya vifuko, basi, ilikwenda sambamba na hali ya kichwa wala si na homa.

Hesabu kama hiyo haithibitishi kwamba vifuko ndivyo vinavyodhuru. Moshi huongezeka nyumba inapoungua, lakini moshi haukuwasha moto. Ndiyo maana kazi zilizofuata zina uzito wake.

Mwaka 2013 vikundi viwili, kimoja cha Melbourne na kingine cha Boston, vilichapisha karibu wakati mmoja habari kwamba chembe nyekundu zenye vimelea nazo hutoa vifuko, na kwamba vimelea huvitumia kuwasiliana vyenyewe kwa vyenyewe. Jaribio la Melbourne lastahili kuelezwa. Watafiti walichukua vimelea vya aina mbili, kila aina ikiwa imepewa jeni ya kuhimili dawa yake, wakavichanganya, kisha wakatia dawa zote mbili. Kwa hesabu ya kawaida vyote vingekufa, kwa kuwa hakuna kilichohimili zote. Baadhi viliishi. Vilikuwa vimetumiana jeni za kinga kupitia vifuko, kutoka chembe moja ya damu hadi nyingine. Vikundi vyote viwili viliona pia kwamba vifuko huvichochea vimelea kugeuka kuwa vile vya kiume na vya kike ambavyo mbu huvifyonza na kuvisafirisha kwa mtu mwingine. Kikundi cha Boston kikaongeza kwamba askari wa kinga wakivimeza vifuko hivyo, huchachamaa na kumwaga kemikali za kuleta uvimbe.

Watafiti wa kundi hilo la Boston na wenzao waliendelea, na mwaka 2016 wakaonyesha kilichomo ndani ya baadhi ya vifuko hivyo. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haina jeni za kuamrisha lolote. Imebaki na vipande vidogo vya RNA kutoka ujana wake. Chembe ikishavamiwa na kimelea, vipande hivyo hufungwa katika vifuko na kupelekwa kwenye seli za ukuta wa mshipa. Huko huzima baadhi ya jeni za seli hizo, na ukuta hupoteza uimara wake. Kwa maneno mengine, barua inayoulegeza mlango imeandikwa kwa mwandiko wa mwenye nyumba, ila aliyeituma ni mgeni.

Upande wa wanyama nako kuna la kuongeza. Kikundi cha Grau kilitumia panya waliozaliwa bila protini inayosaidia seli kumegua vifuko. Panya hao waliambukizwa malaria ya aina inayoua panya kwa kuushambulia ubongo, wakapata vimelea kama wenzao, lakini hawakupata ugonjwa wa ubongo. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2005, ndiyo yanayokaribia zaidi kuthibitisha kwamba vifuko ni sehemu ya moto wenyewe.

Hapa sharti tuwe waangalifu. Malaria ya panya si malaria ya mtoto, na historia ya ugonjwa huu imejaa dawa zilizoonekana kuwa na mantiki zikashindwa wodini. Dawa ya deksamethasoni, inayopunguza uvimbe, ilifikiriwa kuwa ingewafaa wagonjwa wa malaria ya ubongo. Ilipojaribiwa kwa utaratibu nchini Thailand, matokeo yaliyotoka mwaka 1982 yalionyesha kwamba haikuokoa maisha na kwamba ilirefusha muda wa kupoteza fahamu. Hadi leo haishauriwi. Kwa hiyo anayesema kwamba kuzuia vifuko kutatibu malaria ya ubongo anatangulia mbele ya ushahidi.

Kuhusu uvimbe wenyewe, Malawi ilitoa jibu jingine mwaka 2015. Mjini Blantyre, Terrie Taylor na wenzake waliwapiga watoto picha za ubongo kwa mashine ya MRI. Kati ya watoto 168 wenye malaria ya ubongo, 25 walikufa, na 21 kati ya hao walikuwa na ubongo uliovimba sana walipofikishwa hospitalini. Miongoni mwa walionusurika, ni takriban robo tu waliokuwa na uvimbe wa kiasi hicho. Ubongo ukivimba ndani ya fuvu lisilotanuka hukandamiza shina linaloongoza pumzi, na mtoto huacha kupumua. Ukuta uliolegea, unaoruhusu maji ya damu kuvuja, ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kuuleta uvimbe huo, na ndipo hoja ya vifuko inapokutana na kifo chenyewe.

Manufaa ya karibu zaidi huenda yakawa katika upimaji. Katika nchi zenye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea damuni ilhali kinachomzimisha ni homa ya uti wa mgongo au ugonjwa mwingine kabisa. Kikundi hicho cha Blantyre kiliwahi kuchunguza miili ya watoto 31 waliodhaniwa kuwa wamekufa kwa malaria ya ubongo, na mwaka 2004 kikaripoti kwamba saba kati yao walikuwa wameuawa na jambo jingine. Kwa sasa dalili ya kuaminika zaidi kwa mtoto aliye hai hupatikana kwa kulitazama vazi la ndani la jicho, kazi inayotaka daktari mwenye ujuzi na kifaa chake. Kipimo cha damu ambacho kingetambua vifuko vya ukuta wa mishipa ya ubongo kingekuwa msaada mkubwa, ingawa hakijafika katika zahanati zetu.

Vifuko pia vinatazamwa kama mikokoteni ya kubebea dawa. Mwaka 2011 Matthew Wood na wenzake wa Oxford walitia RNA ndani ya eksosomu, wakazivika protini inayotambuliwa na seli za ubongo, wakazidunga katika mishipa ya panya, na RNA ikafika ubongoni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Papo hapo wafanyabiashara wakanusa harufu ya pesa. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ililazimika kuonya umma kuhusu kliniki zilizokuwa zikiuza sindano za eksosomu kama tiba ya maradhi mbalimbali, ilhali hakukuwa na hata moja iliyoidhinishwa. Msomaji atakayeahidiwa tiba ya aina hiyo, iwe Nairobi au kwingineko, ana haki ya kuuliza ni nani aliyeikubali.

Nusura nayo ina gharama. Watafiti waliowafuatilia watoto waliolazwa Hospitali ya Mulago, Kampala, waliripoti mwaka 2008 kwamba miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, asilimia 26 ya watoto hao walikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au uwezo mwingine wa akili, ikilinganishwa na asilimia 8 hivi ya watoto wa jamii zao ambao hawakuugua. Darasani mtoto wa aina hiyo huitwa mzembe. Mwalimu hana njia ya kujua kwamba miaka miwili nyuma alilala siku nzima bila fahamu.

Matibabu ya leo ni sindano ya atesuneti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, ambao ulihusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, uligundua kwamba waliopewa atesuneti walikufa kwa asilimia 8.5 na waliopewa kwinini kwa asilimia 10.9. Sindano ya kwanza hutolewa mara mtoto afikapo, ya pili baada ya saa 12 na ya tatu baada ya saa 24, na katika saa hizo 24 za mwanzo ndimo hutokea sehemu kubwa ya vifo, hata pale ambapo dawa imetolewa inavyotakiwa. Atesuneti huua vimelea vilivyomo ndani ya chembe za damu. Vifuko ambavyo vimekwishatolewa haivigusi.